Usiifute seva ya akiba kabla ya kusoma jina la faili

Seva ya akiba (standby) ya hifadhidata ya PostgreSQL, ile inayofuata mabadiliko ya seva kuu, ikikwama katikati ya kusoma faili za WAL (kumbukumbu za kila badiliko) kutoka ghalani (archive), wengi hukimbilia kuifuta na kuijenga upya kwa pg_basebackup, chombo cha kunakili seva kuu nzima. Napinga tabia hiyo. Kama kuna faili iliyopotea, nakala mpya haiirudishi. Pengo linabaki ghalani, na siku utakapotaka kurudisha data ya juzi hadi saa fulani, urejeshaji utagota palepale.

Anza na logi ya seva ya akiba. Itakutajia jina la faili inayotafutwa, herufi 24 za heksadesimali, ambapo 8 za kwanza ni namba ya mkondo wa historia (timeline). Usishtuke ukiona cp (amri ya kunakili faili) ikilalamika kwamba haioni faili inayofuata au 00000002.history, faili ya kutambulisha mkondo mpya. Seva huulizia faili ambazo huenda hazijazaliwa bado, na hilo ni la kawaida. Cha kutia wasiwasi ni jina lilelile kurudiwa kila sekunde 5 huku seva kuu imeshalipita mbali.

Hapo nenda kwenye seva kuu, usome pg_stat_archiver, mwonekano (view) unaoonyesha hali ya kutuma faili ghalani. Safu ya last_failed_wal itakuonyesha faili iliyogoma kutumwa, na pg_wal/archive_status itakuwa na alama za .ready (faili zinazosubiri kutumwa) zilizorundikana. Seva kuu haifuti faili ambayo haijathibitishwa kufika ghalani. Kwa hiyo faili ikikosekana kote kuwili, ama archive_command (amri ya seva kuu ya kutuma faili ghalani) ilirudisha 0, yaani imefaulu, bila kuwa imenakili, ama kuna usafishaji uliofuta mapema mno. Tafuta ni lipi kati ya hayo, kisha ndipo ujenge upya.

Faili ikiwepo, pima ukubwa wake. Kwa kawaida ni MB 16, yaani baiti 16777216 kamili. Ikipungua, seva ya akiba hudhani bado inanakiliwa, basi inasubiri bila kulalamika katika logi ya kawaida. Dawa yake ni archive_command kuandika kwa jina la muda, kuhakikisha data imefika diskini, kisha kubadilisha jina kwa mv ndani ya mfumo uleule wa faili. Na isiandike kamwe juu ya faili iliyopo yenye maudhui tofauti.

Ninaposisitiza zaidi ni restore_command, amri ya kuleta faili kutoka ghalani. Mstari wa cp peke yake haufai kwa kazi nzito, kwa sababu hurudisha 1 (imeshindwa) faili isipokuwepo, na hurudisha 1 hiyohiyo diski ya mtandao ikikatika. Kwenye seva yenye standby.signal, faili inayoiambia ibaki ya akiba, matokeo ni kusubiri tu. Kwenye urejeshaji wa recovery.signal (faili inayoiambia seva irejeshe data kutoka ghalani kisha ifunguke) usio na kikomo kilichowekwa, PostgreSQL huchukulia kwamba ghala limekwisha: hufunga urejeshaji, hufungua mkondo mpya na kuanza kupokea maandishi, ilhali saa kadhaa za data zimeachwa nyuma. Andika skripti inayotofautisha. Faili haipo, rudisha 1. Ghala halifikiki, jaribu tena kwa dakika kadhaa, kisha rudisha msimbo unaozidi 125, ambao husimamisha seva badala ya kuifungua. Seva iliyozimika utaiwasha tena. Data iliyorukwa kimyakimya ni msiba.

Ijaribu skripti hiyo ukiwa mtumiaji postgres, si root. Ruhusa za folda ndizo huangusha wengi.

Mengine ni ya haraka. Tangu toleo la 12, recovery.conf, faili ya zamani ya mipangilio ya urejeshaji, ikiwepo seva inakataa kuwaka. Mipangilio ya max_connections na max_worker_processes ya seva ya akiba isiwe chini ya ile ya seva kuu. Faili za .history zitunzwe ghalani pamoja na WAL, la sivyo seva ya akiba haitafuata mkondo mpya baada ya seva nyingine kupandishwa cheo (kufanywa seva kuu). Usifute backup_label, faili inayoonyesha urejeshaji wa nakala uanzie wapi, ili tu seva iwake: itawaka, lakini data inaweza kuwa imeharibika. Na pg_resetwal, inayofuta WAL na kuianza upya, si chombo cha kazi hii.

Ikianza kusonga, linganisha nafasi iliyofikiwa katika WAL: pg_last_wal_replay_lsn() ya seva ya akiba na pg_current_wal_lsn() ya seva kuu. pg_last_xact_replay_timestamp(), saa ya muamala wa mwisho uliorudiwa, hudanganya seva kuu inapokuwa haina kazi, maana saa yake haisogei hata kama seva ya akiba haiko nyuma kwa lolote.