Ushuru siyo ukuta wetu
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai ushuru ndio unaozuia mazao yetu kuuzwa nje. Sikubaliani naye, walau kwa kahawa ya huku Bukavu. Kahawa mbichi inaingia Umoja wa Ulaya kwa ushuru sifuri, na tangu 2001 nchi maskini kabisa kama Kongo yetu zinaingiza huko kila kitu bila ushuru isipokuwa silaha. Kinachotukwamisha ni masharti. Nilifanya misimu mitatu kwenye koperative moja ya kahawa kisiwani Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, kazi yangu mizani na madaftari. Sheria ya Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu, ambayo imeshaahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa ijulikane imetoka shamba gani, kwa alama za ramani, yaani namba za GPS. Shamba la chini ya hekta 4 linatosha alama moja tu, ni kweli, lakini mkulima wetu ana vishamba vitatu juu ya vilima vitatu, simu hana, na hati yake ya ardhi ni neno la marehemu baba yake! Nani amlipe mtu wa kukwea vilima hivyo kuchukua alama? Tena kuna okratoksini, ile sumu ya ukungu: msimu mmoja mvua ilitukuta kahawa ingali kwenye vitanda vya kuanikia, mnunuzi akapima, akaikataa yote. Ndiyo maana wengine hupakia mitumbwini usiku kuvuka Rwanda, maana mnunuzi wa usiku haulizi karatasi. Wenzangu wa Kalehe na Minova, kwenu hiyo kazi ya alama aliilipia nani?