Dola 10 kwa Miaka 99: Hoja ya Waliopinga Kituo cha Obama Jackson Park

Habari za Kituo cha Rais Obama huko Chicago zilipotufikia Afrika Mashariki, mabarazani hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: mtu mwenye asili ya Kogelo anajenga kumbukumbu yake katika mji uliomlea kisiasa, na kuna wenye husuda wanaotaka kumzuia. Kikundi cha Protect Our Parks, kilichofungua kesi mwaka 2018, kikahesabiwa kuwa adui wa rais wa kwanza mweusi wa Marekani. Nadhani hatukuwatendea haki. Waliyemshtaki ni Jiji la Chicago na mamlaka yake ya bustani, na walichotaka kujua ni nani mwenye haki ya kuigawa ardhi ya wote, na kwa bei gani.

Jackson Park, mahali palipochaguliwa kwa kituo hicho, ni bustani ya umma yenye zaidi ya ekari 500 kando ya Ziwa Michigan. Mchoro wake wa kwanza ni wa wabunifu wa bustani Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, mwaka 1871. Maonyesho ya Dunia ya 1893 yalifanyika humo, na tangu 1972 imo katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria.

Chicago ni mji uliozoea kuulinda ufukwe wake mahakamani. Ramani ya mwaka 1836 ilitenga ardhi kando ya ziwa kwa maandishi kwamba ibaki wazi daima, bila majengo wala kizuizi chochote. Mfanyabiashara Montgomery Ward aliyashikilia maandishi hayo katika kesi zilizoanza 1890 na kwisha 1911, na ni kwa sababu yake Grant Park, bustani iliyo kwenye ufukwe huo, haikujazwa majumba. Mwaka 1892 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo la Illinois halingeweza kuikabidhi kampuni ya reli ardhi iliyo chini ya maji ya ziwa, kwa kuwa jimbo linaishika kama amana ya wananchi. Hata mtengenezaji wa filamu George Lucas, pamoja na utajiri wake wote, aliondoa mradi wake wa jumba la makumbusho mwaka 2016 baada ya kikundi cha Friends of the Parks kulishtaki jiji. Na yeye aliahidiwa eneo la kuegesha magari, si bustani yenye miti.

Upande wa pili una uzito wake. South Side, upande wa kusini wa Chicago wenye wakazi wengi weusi, ilinyimwa uwekezaji kwa miongo mingi. Huko ndiko Obama alikoanza kazi ya kuwaunganisha wakazi mwaka 1985, na ndiko Michelle alikokulia. Wakfu wa Obama umechangisha mamia ya mamilioni ya dola kwa ujenzi, na ndani ya kituo kuna tawi la maktaba ya umma na uwanja wa watoto. Cornell Drive, barabara pana iliyokuwa ikiipasua bustani, imefungwa ili majani yarudi. Madiwani waliupitisha mradi kwa wingi mkubwa.

Lakini tazama masharti. Wakfu huo ulipewa haki ya kutumia ekari 19.3 kwa miaka 99 kwa dola 10. Hizo si dola 10 kwa mwaka. Ni dola 10 kwa kipindi chote. Ukigawanya unapata senti kama 10 kwa mwaka kwa eneo zima, yaani nusu senti kwa ekari. Jiji lilijibu kwamba huo si upangaji wa kibiashara, kwamba majengo yatakuwa mali ya jiji, na kwamba faida ya wananchi itakuja kwa njia nyingine. Jibu hilo halinitoshi. Bei ya namna hiyo inaeleweka inapotolewa kwa taasisi ya umma, na mwanzoni mradi ulifahamika kuwa maktaba ya rais ambamo idara ya taifa ya nyaraka ingehifadhi kumbukumbu zake. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba nyaraka hazitakaa humo, na kwamba kituo kitaendeshwa na wakfu wenyewe, ambao ni taasisi binafsi. Sababu ya kwanza ya kuiomba ardhi ya umma iliondoka, ila ombi likabaki palepale. Mtoto aliyezaliwa Septemba 2021, mradi ulipozinduliwa rasmi, atakuwa mzee wa karibu miaka 100 mkataba huo utakapokwisha, na madiwani walioupigia kura hatakuwepo hata mmoja wa kuulizwa.

Mahakamani walalamikaji walishindwa. Jaji John Robert Blakey aliitupa kesi yao mwaka 2019, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Amy Coney Barrett, ikasema kwamba hoja yao ya amana ya wananchi haiwezi kusikilizwa katika mahakama ya shirikisho kwa kuwa hawakuonyesha madhara yaliyowapata wao binafsi. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa zaidi. Ikiwa bustani ni ya kila mtu, na kwa sababu hiyohiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuitetea, basi ulinzi wake unabaki mikononi mwa walewale wanaoigawa.

Na hasara si ya kufikirika. Tathmini ya serikali ya shirikisho yenyewe ilikiri kwamba mradi unaidhuru hadhi ya kihistoria ya bustani. Mamia ya miti ilikatwa. Bustani ya Wanawake, iliyobuniwa na May McAdams katika miaka ya 1930, ikaondolewa ili ijengwe upya kwa sura nyingine, na kituoni sasa umesimama mnara wa karibu mita 70.

Kelele za wakazi hazikupotea bure. Mwaka 2018 wakfu uliacha mpango wa kujenga maegesho ya magari kwenye Midway Plaisance, bustani ya umma iliyo jirani, ukayapeleka chini ya ardhi. Wapangaji wa Woodlawn, mtaa wa jirani, ambao hawakupinga kituo bali kupanda kwa kodi za nyumba, walipata sheria ndogo ya jiji mwaka 2020 inayotenga viwanja 52 kwa makazi ya bei nafuu.

Sisi tunamsifu Wangari Maathai kwa kuuzuia mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, na Obama mwenyewe, akiwa seneta, alipanda mti pamoja naye katika bustani hiyo mwaka 2006. Wa Chicago hawakuomba zaidi ya alichoomba Maathai, tena walikuwa na mahali pa kuelekeza: upande wa magharibi wa bustani ya Washington Park, katika South Side hiyohiyo, palikuwa na viwanja vitupu karibu na kituo cha treni cha Garfield. Uwekezaji ungewafikia watu walewale, na Jackson Park isingeguswa.