Masini ya jetoni imekufa: tuifufue ao tuifungue kwa pyesi?

Kila mara masini ya jetoni ya zamani inatokea mu depo ya mtu hapa Lubumbashi, yale masanduku ya mbao yenye ekra, fimbo, vifungo na tundu ya kuingiza jetoni, ugomvi unakuwa ule ule. Wamoja wanasema irudishwe vile ilitoka kiwandani, wengine wanasema ifunguliwe, pyesi zake ziende kuokoa zingine zenye bado zinawaka. Hawa wa pili wanaitwa wauaji wa masini. Mi naona hawasikilizwi vizuri, tena wengi wao njo mafundi wenyewe.

Wenye kutaka kufufua wana neno lao na lina uzito. Sanduku ikishapasuliwa haitarudi, zile picha za ubavuni hakuna atakayezichapa tena sawasawa, na mtoto akigusa masini nzima, na sauti yake na uzito wa vifungo, anaelewa kitu chenye simu haiwezi kumfundisha. Tena hapa kwetu televizyo za kisogo bado hazijaisha mitaani, na fundi anayejua kazi anaweza kutoa tyubu ya televizyo ya kipimo kile kile akaiingiza mu masini, kama koili zinapatana. Lakini uliza bei. Masini ya Marekani inataka volti 120, ya Japani 100, sisi tuko na 220 yenye kupanda na kushuka, kwa hiyo kabla ya kulehemu hata waya moja unanunua transfo na stabilizatere. Hapo bado hujafika kwa mbao.

Na tyubu ya ekra njo roho ya maneno yote. Viwanda vikubwa vilivyokuwa vinatengeneza tyubu vilishaacha, maana yake zenye ziko duniani njo hizo tu, zinapungua hazizidi. Shingo yake ya kioo ikipasuka kidogo tu hewa inaingia, imekwisha, hakuna fundi wa kuiponya. Sasa masini moja sanduku imeliwa na mchwa lakini tyubu ni nzima, ingine mtaa wa pili sanduku inasimama vizuri lakini ekra imeungua, alama ya mchezo wa zamani imebaki juu yake hata ukizima. Kukataa kufungua ile ya kwanza kwa jina la heshima ni kuziacha zote mbili zife.

Karti, ile bodi ya ndani yenye chipsi za mchezo, pia ni vile vile. Chukua Neo Geo MVS, masini ya SNK, kampuni ya michezo ya Japani, ya 1990, ile ya kubadilisha kartushi, kale kasanduku kenye mchezo ndani. Juu ya karti kuna batri ndogo ya kuchaji, kazi yake ni kulinda kumbukumbu masini ikizimwa. Ikizeeka inatema maji, na hayo maji yanatembea polepole yanakula njia za shaba, unaona kijani kinapanda mpaka kwa miguu ya chipsi. Njia iliyokatika utaiunga kwa kawaya kembamba, sawa, ni kazi ya uvumilivu. Ila chipsi zenye SNK iliagiza kwa ajili yake mwenyewe huzipati mpya popote, unazitoa mu karti ingine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Sasa hiyo karti ingine itatoka wapi kama kila mtu anakataza kufungua?

Wenye kulilia "orijino" ningependa wakae na hesabu moja ya Nintendo, kampuni ya michezo ya Japani. Tawi lake la Marekani liliagiza masini 3,000 za mchezo unaoitwa Radar Scope. Kama 1,000 zikauzwa, 2,000 zikabaki mu depo, pesa imelala. Wakafanya nini? Wakazifungua, wakatoa ya ndani, wakaingiza mchezo mpya wa kijana Shigeru Miyamoto, Donkey Kong, mu 1981. Elfu mbili! Theluthi mbili ya masini zote zilifunguliwa na wenyewe, kampuni yenyewe, na huko njo Mario, yule mtu wa michezo anayejulikana dunia nzima, alitokea. Leo mtu akipata Donkey Kong ya zile za kwanza, zenye sanduku nyekundu, anailinda sana, hataki uiguse, na kumbe hiyo sanduku ilizaliwa kwa mchezo mwingine. Lakini nakubali, hesabu hiyo inauma upande wa pili pia: Radar Scope nzima sasa ni adimu sana, na sababu tumeshaiona.

Baadaye, katikati ya miaka ya 80, ukaja mpango wa JAMMA, namna moja ya kuunga karti mu masini mbalimbali, kiunganishi cha miguu 56, na kubadilisha kukawa kazi ya kila siku: mchezo ukiacha kuleta jetoni mwenye sali ya michezo anachomoa karti, anaingiza ingine, jioni watoto wanacheza kitu kipya. Masini hizi zilitengenezwa zifunguliwe.

Na hapa kwetu kuna jambo lingine. Hapa Lubumbashi hata mtoto anajua shaba ina mnunuzi. Masini inayongojea kufufuliwa inangoja mwaka, inangoja miwili, mvua inapita mu paa, mwenye depo anataka nafasi yake, mwisho anakuja mtu na nyundo, anavunja shingo ya tyubu ili apate koili, anachoma waya nje, anabakiza majivu. Gari la ajali likifunguliwa kwa pyesi hakuna anayelia, juu kila mtu anajua mengine matano yatatembea. Masini ya jetoni haistahili chini ya hapo.

Kwa hiyo mi nasema hivi: sanduku ikiwa imara, tyubu inatoa picha, picha za ubavuni ziko, usifungue, tafuta pyesi kwingine. Mbao ikioza na karti ikiliwa, fungua bila woga. Ila tyubu uitoe umeme wake kwanza, juu mu ekra ya rangi kunaweza kuwa zaidi ya volti 20,000, piga picha waya zote kabla ya kukata, na uza kwa mwenye masini ya kuzitia, si kwa mwenye mizani. Na chipsi za mchezo zisomwe mu kompyuta kabla karti haijaondoka. MAME, ile programu ya tangu 1997 ya kucheza michezo ya masini hizi mu kompyuta, ilijazwa na karti zenye watu walikubali kuzitoa mu masanduku yake.