Kunduchi haihitaji zege tu, inahitaji mchanga wake

Upepo wa kusi ukikaza na maji ya bamvua yakijaa, kilio cha wakazi wa Kunduchi, Dar es Salaam, ni kilekile: bahari inakula ardhi, Serikali ijenge ukuta. Kilio hicho kina haki. Ukuta wa kando ya Barabara ya Barack Obama unaikinga barabara hiyo, na mwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka majini hawezi kuambiwa asubiri. Lakini wanaosema tuanzie mtoni, kwa kuzuia uchimbaji wa mchanga, wamekuwa wakipuuzwa kana kwamba hawawajali majirani zao.

Mwanafunzi anayetaka kuwaelewa na asimame ufuoni wakati wa kusi, aangalie wimbi moja tu. Linapanda kwa mshazari kuelekea kaskazini, limebeba punje za mchanga, kisha maji yanateremka moja kwa moja baharini. Wimbi linalofuata linazizoa punje zilezile na kuzisogeza tena. Kaskazi ikivuma hurudisha kiasi, ila kwa mwaka mzima mchanga mwingi wa pwani hii huishia kaskazini. Ufuo, basi, hutoa mchanga kila siku, na usipopokea mwingine unapungua.

Unaupokea kutoka mito kama Mbezi na Tegeta, inayoushusha wakati wa mvua. Na huko ndiko malori yamekuwa yakiuchota kwa miaka mingi, ukafyatuliwe matofali. Wimbi halipunguzi kasi kwa sababu mto umekauka mchanga. Linachukua uliopo, likiumaliza linahamia kwenye mizizi ya minazi, halafu msingi wa nyumba. Hoteli ya Africana ilimegwa hadi ikaachwa, na leo jina lake wengi wanalijua kama kituo cha basi.

Kuta fupi zinazoingia baharini hunasa mchanga upande wa kusini, jirani wa kaskazini akamegewa, naye akajenga wake. Ukuta ulio sambamba na ufuo hurudisha wimbi kwa nguvu, likachimba mchanga ulio mbele yake.

Ni kweli kwamba usawa wa bahari unapanda, na mchanga wa mto peke yake hautatosha. Ni kweli pia kwamba wapo vijana wanaokula kwa koleo la mtoni. Penye barabara kuu, ukuta ujengwe. Kwingine, uchimbaji mtoni usitishwe kwanza, na mchanga wa kujengea utoke kwenye machimbo ya nchi kavu, hata kama usafiri utapandisha bei ya tofali.