Nimeacha klabu, gofu ikarudi. Na majani nani akate?

Ujumbe wa kukumbushwa ada ya mwaka uliingia kwenye simu yangu Januari, siku moja na ujumbe wa karo ya watoto. Karo nikalipa. Ule mwingine nikauacha, na baada ya siku tatu nne nikatambua kwamba hela haikuwa sababu pekee. Mfuko wangu wa fimbo ulikuwa umelala kwenye buti ya gari tangu Oktoba, na nilikuwa nimeubebesha gunia la mkaa bila kuona uchungu wowote. Mtu anayependa gofu hafanyi hivyo.

Klabu yenyewe sitaitaja, kwa kuwa haikunikosea kitu. Nilichokuwa nimechoka nacho ni ratiba: kadi ya kuandikia mikwaju kila Jumamosi, kombe la mwezi, kombe la kapteni, kombe la mdhamini huyu na yule, kisha baa. Pale baa ukikaa meza moja unasikia habari za viwanja vya nyumba na tenda, ukihamia meza ya pili unasikia tenda na viwanja. Basi sikulipa. Nusu mwaka sasa nacheza kama mgeni: nalipa, nacheza, naondoka. Na hamu imerudi, tena imerudi na nguvu za ujana. Ila kila ninapotoa hela pale kaunta ya wageni kuna swali linanikaa kooni, na nitalifikia.

Tuanze na hesabu, maana wengi huanzia hapo. Chukua tarakimu za mfano tu: klabu inadai shilingi milioni 3 kwa mwaka, na mgeni hulipa 100,000 kwa raundi. Mwanachama anahitaji raundi 30 ili alingane na mgeni. Ukicheza kila wiki, umefaidi sana. Mimi nilihesabu raundi zangu za mwaka uliopita, zikawa 11. Kwa hesabu hiyo kila raundi ilinigharimu karibu mara tatu ya alicholipa mgeni niliyekuwa nikimtazama kwa jicho la pembeni pale kaunta.

Hesabu hii ni ya kweli, lakini haielezi uchovu unatoka wapi. Ubaya wa ada iliyolipwa mapema ni namna inavyomgeuza mchezaji kuwa mdeni wa nafsi yake. Unaamka Jumamosi mgongo unauma, mvua imenyesha usiku kucha, mke anakuuliza kama huwezi kupumzika hata leo, nawe unakwenda. Huendi kucheza. Unakwenda kurudisha hela. Maji yakimwagika hayazoleki, tunajua wote, lakini niliwahi kumaliza raundi nzima ya mashimo 18 kwenye matope nikifikiri jambo moja tu: imebaki raundi ngapi.

Upande wa pili una hoja nzito, na nisingependa kuzipitia haraka kama wafanyavyo walioacha klabu.

Kuna handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili alingane na hodari. Tangu 2020 dunia inatumia mfumo mmoja wa handikapu, uliochukua nafasi ya mifumo sita ya zamani, na njia ya kawaida ya kuwa nayo ni kupitia klabu. Bila klabu, handikapu yako ni maneno yako. Na bila handikapu huwezi kumkabili mtu anayekuzidi mkaona nani zaidi, jambo ambalo michezo mingi haina. Mpira wa miguu hauwezi kunipa mabao mawili ya kuanzia kwa sababu nina tumbo. Gofu inaweza kunipa mikwaju 20, na nikamshinda kijana wa miaka 25 kihalali kabisa.

Kuna nafasi ya kucheza. Mgeni hupangwa mahali palipobaki, na Jumamosi asubuhi mara nyingi hapabaki mahali.

Na kuna watu. Hapa lazima niwe mkweli. Nilipofiwa na baba, wale wale wa viwanja na tenda walikuja kwetu Jinja kwa magari manne, wakachanga, wakakesha. Mmoja, afande mstaafu ambaye uwanjani alikuwa ananikera kwa kukohoa ninapovuta fimbo, alibeba viti vya plastiki kutoka kwenye lori hadi uani, vitatu kila mkono, mpaka vikaisha. Mgeni anayelipa pale kaunta hapati watu wa namna hiyo. Anapata risiti.

Kwa hiyo nilipoanza kuupima uamuzi wangu niliona kwamba klabu iliniuzia vitu vitatu kwenye furushi moja: mchezo, watu, na hadhi. Hadhi nilishaichoka, ingawa nakiri niliipenda sana miaka miwili ya kwanza. Kibandiko cha klabu kwenye kioo cha gari kilinipitisha kwenye mageti kadhaa ya Kampala ambako sikuwa na shughuli. Watu niliwahitaji kuliko nilivyodhani. Na mchezo? Mchezo ulikuwa umezikwa chini ya hivyo viwili.

Nilijuaje? Jinja ndiyo ilinifundisha. Nimekulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uani kwa sababu mlango wa kwanza ni Msoga, wa pili Mjaluo, wa tatu Mteso. Wakati wa likizo tulikwenda uwanja wa gofu kutafuta mipira iliyopotea majanini na kuwauzia wenyewe walioipoteza. Kwa gofu yetu wenyewe tulikuwa na nondo iliyokunjwa ncha kwa nyundo, moja kwa watoto watano, na shimo tulichimba kwa kijiko cha mama. Hakuna aliyehesabu mikwaju. Ulipiga ukatazama mpira unavyopaa, ukampa nondo mwenzako, ukaanza kungojea zamu yako kwa uchu. Nilipotoka klabuni, raundi yangu ya kwanza kama mgeni niliipeleka huko.

Kutoka Kampala ni kama kilomita 80. Unasimama Namawojjolo kwa kuku wa kijiti na gonja, ndizi za kuchoma, unapita mashamba ya miwa ya Lugazi, ambako nako kuna uwanja wa gofu, unaukata msitu wa Mabira, halafu unavuka Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa 2018. Uwanja wa Jinja una mashimo 9 na uko karibu na mto. Nilibeba fimbo saba tu, ingawa kanuni zinaruhusu 14, na nilimwambia kedi, mbeba mfuko wangu, kwamba leo hatuandiki kitu. Alinitazama kama niliyesema leo tunacheza bila mpira. Tulipofika shimo la tano akaniambia, "Mzee, mwaka jana ulikuja na wenzako kwenye mashindano, hukucheka hata mara moja. Leo umecheka mara nne." Alikuwa amehesabu kicheko, kwa kuwa mikwaju nilimkataza.

Ndipo nikaanza kujishuku. Je, kilichoniponya ni kuacha klabu, au ni kuacha kadi? Maana hayo mambo mawili niliyafanya siku moja, na mgonjwa aliyemeza dawa mbili hajui ipi imemtibu.

Nikiyapima sasa, naona mengi niliyoyafanya nje ya klabu ningeweza kuyafanya ndani. Mashimo 9 badala ya 18: mfumo wa sasa wa handikapu unapokea matokeo ya mashimo 9, kwa hiyo hata anayetaka kadi hana sababu ya kutumia saa tano. Kumkaribisha rafiki asiyejua: kiwango cha juu cha handikapu sasa ni 54 kwa wanaume na wanawake, kwa hiyo anayejifunza ana pa kuanzia. Kutafuta mpira uliopotea: tangu 2019 ni dakika tatu, zamani zilikuwa tano, na zile mbili zilizopunguzwa zimeokoa ndoa za watu. Kama kuhesabu mikwaju kunakutia homa, cheza kwa pointi za Stableford, mtindo uliochezwa kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Shimo likikuharibikia unapata sifuri, unaokota mpira, unakwenda shimo la pili. Haya yote yalikuwepo, wala hakuna kapteni aliyenizuia.

Kwa nini basi sikuyafanya? Kwa sababu ndani ya klabu mtu anacheza anavyochezwa. Jumamosi wenzako wanne wanaandika kadi, wanawekeana dau la bia, wanaanzia alama za nyuma kabisa, zilizo mbali zaidi na shimo, hata kama nusu yao hawafiki mbali. Ukisema wewe utaanzia mbele na utacheza mashimo 9, utaulizwa kama unaumwa. Inawezekana kukataa, ndiyo. Wapo waliokataa, hasa wanawake, na niliwaona Jumatano jioni wakicheza wawili wawili huku wakipiga soga, na nilikuwa nikiwahurumia! Leo nadhani wao ndio waliokuwa wamejua klabu inavyotumika vizuri. Mimi nilihitaji kutoka ili niweze kuona. Mwingine huenda akahitaji kubadilisha siku tu.

Kwa anayekaribia kuamua ningesema hivi: kabla hujaacha, cheza miezi mitatu bila kadi, siku ambayo genge lako halipo. Uliza pia kama klabu ina daraja la uanachama jepesi zaidi, maana klabu nyingi huwa nalo kwa wanaoishi mbali au wanaocheza siku za kazi. Hamu ikirudi, lipa ada yako kwa amani. Isiporudi, toka.

Sasa lile swali la kooni.

Mgeni analipa siku anayokuja. Lakini majani ya uwanja wa gofu, kwa mvua zetu, hayangoji siku utakayokuja. Yanaota Machi na Aprili kama yamelipwa. Mashine inakunywa mafuta, kijana wa mashine anataka mshahara, mashimo yanahamishwa, mitaro inazibuliwa, na hayo yote yanafanyika hata wiki ambayo mimi nimeamua kulala. Anayeyalipia ni yule aliyelipa ada Januari, akacheza mara 11, akapata hasara. Yaani mimi wa zamani. Uhuru wangu wa sasa, ukiutazama kwa undani, unatunzwa na ujinga wangu wa jana ambao wengine wanauendeleza.

Tukifuata wote mfano wangu, hakutakuwa na pa kulipia. Na hapa kwetu uwanja usio na wenyewe haubaki uwanja. Anayeijua Kampala anajua kwamba jengo la maduka la Garden City na hoteli iliyo jirani yake zimesimama kwenye ukingo wa bonde la Kitante, ardhi iliyokuwa ya uwanja wa gofu. Na hiyo ni Kitante, yenye wanachama wenye majina na mawakili. Uwanja wa mji mdogo wenye wanachama wachache utasimama na nini siku mwekezaji akija na ramani? Najua kuna wenye jibu kali: ekari zote hizo katikati ya mji kwa ajili ya watu wachache, kwa nini zisiwe hospitali au nyumba? Ni swali halali, nami sina haki ya kulicheka, kwa kuwa nilianza gofu kwa kufukuzwa na askari wa uwanja. Ila sijaona hospitali ikijengwa kwenye kipande chochote kilichomegwa. Nimeona maduka.

Na makedi je? Wengi wao hulipwa kwa raundi, mshahara hawana. Mwanachama wa kila wiki ni kazi ya uhakika. Mgeni wa mara moja kwa mwezi ni bahati. Yule wa Jinja aliniambia siku za wiki anaweza kukaa chini ya mti mpaka saa kumi bila kuitwa. Baadhi ya mapro, wachezaji wa kulipwa, wa nchi hii walianza na mfuko wa mtu mwingine begani, wakijifunza kupiga siku ambazo wenyewe hawapo. Ngazi hiyo hujengwa na klabu. Wageni huipanda tu.

Kwa hiyo mizani yangu imeegemea mahali ambapo sikupategemea. Klabu kubwa sirudi, walau si sasa, haitanikosa. Kuzunguka kama mgeni kunanipa nilichokitaka, na nchi ina viwanja ambavyo mwanachama wa klabu moja anaweza kuzeeka bila kuvikanyaga: Entebbe kando ya ziwa, Kigo penye hoteli ya Serena, Fort Portal chini ya Rwenzori. Lakini uzururaji huu nauona kama mkopo, na mkopo una siku ya kulipwa. Anayeona amechoka na klabu yake kubwa afikirie kuhamisha ada badala ya kuifuta, aipeleke kwenye uwanja mdogo ambako jina moja linaonekana kwenye orodha.

Jumapili iliyopita nilikuwa Jinja tena. Klabu ile inajulikana kwa kanuni yake ya pekee: mpira ukitumbukia kwenye alama ya unyayo wa kiboko, unauokota na kuudondosha pembeni bila adhabu. Vijana tuliicheka kanuni hiyo, lakini mto uko pale pale. Shimo la mwisho mpira wangu ulilala kwenye kibonde cha mviringo chenye maji kidogo. Nikamuuliza kedi kama ni kiboko. Akachuchumaa, akapima kwa kiganja, akasema ni ng'ombe, tena mdogo.

"Lakini si huandiki, Mzee? Toa tu."

Nikaupiga palepale ulipolala. Ukaruka hatua tatu, matope yakaruka zaidi, na shati langu mpaka leo lina doa. Nilipokwenda kunawa nilipita ofisini nikauliza ada yao ya mwaka ni kiasi gani. Fomu iko kwenye gari, juu ya mfuko wa fimbo, mahali palipokuwa na gunia la mkaa.