Thabeet namba mbili, Curry namba saba: kosa lilikuwa la drafti au la timu?

Kila mwezi wa sita ukikaribia, msimu wa drafti, mabishano ya mashabiki wa NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, ni yaleyale, piki (zamu ya kuchagua mchezaji) tuliyonayo tuchukue dogo tumlee au tuipige tredi, yaani tubadilishane na timu nyingine, tupate mtu aliyeshaiva, na kwetu Bongo mjadala huo hauendi mbali kabla mtu hajalitaja jina la Hasheem Thabeet. Linatajwa kama kufunga mjadala. Mnaona? Memphis walimchukua mrefu wa Dar wakamwacha Stephen Curry aliyekuja kuwa supastaa, kwisha habari. Mi naona hoja hiyo ni nyepesi sana, na kwa sababu kesi yenyewe ina mambo mengi ndani yake, tukiifungua vizuri inafundisha kuhusu drafti na kuhusu tredi kuliko nyingine nyingi.

Kwa asiyefuatilia, drafti ni pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, na timu zilizofanya vibaya ndo zinapata nafasi za juu kwa bahati nasibu. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walikuwa wametoka msimu wa kushinda mechi 24 tu kati ya 82, wakapata namba mbili. Namba moja haikuwa na ubishi, Blake Griffin kwenda Clippers. Baada ya hapo Memphis wakamchukua Thabeet, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, halafu namba tatu akaenda James Harden, namba nne Tyreke Evans, tano Ricky Rubio, sita Jonny Flynn, saba Stephen Curry, na DeMar DeRozan akasubiri mpaka namba tisa.

Ukiisoma hiyo orodha leo unashika kichwa, sawa. Ila jiweke mwezi wa sita 2009. Thabeet alikuwa na mita 2.21, ametoka Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu wake wa mwisho pale alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kuingia) 10.8 na bloku (kuzuia mitupo ya wapinzani) 4.2 kwa mechi, timu yake imefika nusu fainali ya vyuo Marekani nzima, na alichaguliwa mlinzi bora wa vyuo miaka miwili mfululizo. Huyo sio mtu aliyeokotwa barabarani. Curry alikuwa mwembamba, anatoka chuo kidogo cha Davidson, na watu wengi walikuwa na wasiwasi kama mwili wake utahimili, na wasiwasi huo haukuwa wa Memphis peke yao maana Minnesota walikuwa na piki mbili zinazofuatana, ya tano na ya sita, wakachukua mapointi gadi wawili, yaani waongoza mpira, na wote wawili sio Curry. Kwahiyo kumtupia lawama Memphis peke yake kwa Curry ni kuwaonea.

Na kuna kitu ambacho wanaoleta hoja ya Curry wanakisahau. Kama ulitaka kuwalilia Memphis mwaka mmoja baadaye, jina la kulilia lilikuwa Tyreke Evans, sio Curry wala Harden. Evans alisoma Chuo Kikuu cha Memphis, mji uleule, mashabiki wa pale wamemshangilia mwaka mzima kwa macho yao, na ndiye aliyechukua tuzo ya ruki bora, yaani mchezaji bora wa msimu wa kwanza, 2010. Leo nani anamtaja Evans kwenye mabishano haya? Hukumu ya drafti inabadilika kila baada ya miaka michache, wanaolaumiwa ni walewale ila anayetumika kuwalaumu anabadilika. Ndo maana mtu akianza kunilinganishia majina siku mbili baada ya drafti huwa namsikiliza kwa heshima lakini simuamini.

Haya, upande wa pili. Kuna watu walisema mapema kwamba Thabeet ni hatari kumchukua juu hivyo, na walikuwa na ushahidi mkononi. Februari 2009 Connecticut wakiwa namba moja kwenye orodha ya ubora walicheza na chuo cha Pittsburgh nyumbani kwao, na mtu aliyepewa kazi ya kumkaba Thabeet alikuwa DeJuan Blair, mfupi kwake kwa kama sentimita 20 lakini mpana na mzito. Kwenye kugombania ribaundi moja mikono yao ikafungana, Blair akamvuta akamgeuza juu ya bega mpaka Thabeet akatua chini kwa mgongo, na mechi ikaisha Blair ana pointi 22 na ribaundi 23. Skauti yeyote aliyeangalia ile mechi aliona urefu upo, timing ya bloku ipo, ila nguvu za miguu na kiuno za kukaa mahali pako mtu asikusogeze bado hazijaja. Kijana alianza kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi Dar, wenzake walikuwa wameshika mpira tangu wadogo. NBA kila usiku unakutana na kina Blair waliokomaa zaidi.

Lakini hata hapo mi bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Kosa lenyewe kwangu ni hili: Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol. Amemaliza msimu wake wa kwanza NBA akiwa senta (mrefu wa kukaa chini ya goli) wa kuanza, nafasi ileile ya Thabeet, ana miaka 24, anacheza vizuri, na historia yake ingetosha kuwafumbua macho maana Gasol alichaguliwa namba 48 mwaka 2007 na alikuja Memphis kama kipande kimoja tu cha tredi ya 2008 iliyompeleka kaka yake Pau kule Lakers, tredi ambayo watu waliicheka sana wakasema Memphis wameibiwa. Baadaye Marc akawa mlinzi bora wa ligi 2013. Halafu mwezi mmoja tu baada ya drafti ya Thabeet wakamleta Zach Randolph kutoka Clippers. Sasa niambie, ruki ambaye kitu kikubwa anachohitaji ni dakika, akosee, arekebishwe, akosee tena, anazipata wapi nyuma ya watu hao wawili? Alicheza kama dakika 13 kwa mechi, wastani wa pointi 3.1, na Februari 2010 wakampeleka ligi ya chini kwa muda, na mpaka wakati huo hakuna mtu aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko.

Kuna watakaosema kwenye drafti unachukua kipaji bora, nafasi utajua mbele ya safari. Naiheshimu hiyo hoja na mara nyingi ni sahihi, kwa mtu kama Griffin au Victor Wembanyama, namba moja wa 2023, huulizi una nani, unachukua. Ila kanuni hiyo inamfaa kijana ambaye kipaji chake kinamlazimisha kocha ampange. Kwa kijana anayehitaji miaka mitatu ya kufundishwa, nafasi anayoikuta ni nusu ya kipaji chake. Na kichekesho hakipo hapa, ni maisha ya mtu, maana alicheza mechi 224 NBA na timu kadhaa na hakuna hata moja iliyowahi kumpa msimu mzima wa kuaminiwa.

Tukija kwenye tredi, hapa ndo nawapa Memphis haki yao. Februari 2011, siku ya mwisho ya tredi, waliwapa Houston Thabeet, DeMarre Carroll na piki ya raundi ya kwanza, wakamchukua Shane Battier pamoja na Ish Smith. Mashabiki wa kulea vijana walilalamika, mnatoa namba mbili na piki juu yake kwa mzee wa miaka 32 ambaye mkataba wake unaisha? Na kweli kwenye makaratasi ilionekana hasara, tena Battier huyohuyo Memphis ndo waliomdrafti 2001 wakamtoa 2006 kwenda Houston ili wapate haki za kijana Rudy Gay na Stromile Swift. Yaani walimuuza wapate ujana, wakauza ujana wampate tena.

Lakini cheki kilichotokea. Memphis waliingia mtoano wakiwa namba nane, ya mwisho upande wao, Gay mwenyewe kaumia bega, wanakutana na San Antonio Spurs waliokuwa na ushindi 61. Klabu hiyo ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja ya mtoano, walishapoteza 12 kati ya 12. Mechi ya kwanza San Antonio, wako nyuma 98 kwa 96, zimebaki sekunde kama 24, mpira ukamfikia Battier akatupa ya pointi tatu ikaingia. Wakashinda 101 kwa 98, wakaitoa Spurs kwa 4-2, na raundi iliyofuata wakawapeleka Oklahoma City mpaka mechi ya saba. Battier akaondoka mwaka huohuo kwenda Miami. Je, miezi michache ya mtu mmoja inalipa namba mbili na piki? Kwangu inalipa, kwa sababu Thabeet pale hakuwa na dakika hata kama wangemshikilia miaka mitano, na timu ilikuwa imeshajikusanya, Conley, Gasol, Randolph, wanahitaji mtu mzima wa kukaba na kutulia dakika za mwisho.

Naandika haya kwa sababu kuna dogo mwingine wa ukanda wetu yuko njia hiyohiyo. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kampala, kaanza kikapu na miaka 13, kachezea City Oilers ya Uganda kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, kaenda Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, halafu Chuo Kikuu cha Duke Marekani. Alichaguliwa namba 10 mwaka 2025, na piki hiyo ilikuwa ya Houston iliyokwenda Phoenix Suns pamoja na Jalen Green na Dillon Brooks ili Houston wampate Kevin Durant. Wanaowatetea Houston wana hoja nzito, timu ilishinda mechi 52 ikatolewa na Warriors raundi ya kwanza kwa kukosa mfungaji, huwezi kuwaambia wasubiri kijana wa miaka 18. Wanaopinga wanasema Durant alikuwa anaelekea 37. Mi ningefanya kama Houston.

Kinachonipa wasiwasi ni upande wa Phoenix. Usiku uleule wa drafti wakamleta senta mwingine, Mark Williams kutoka Charlotte, kijana naye. Maluach ana urefu, ana mikono, na Duke alikuwa anafunga zaidi ya asilimia 70 ya mipira anayorusha, lakini kwenye nusu fainali dhidi ya chuo cha Houston alitoka bila ribaundi hata moja kwa sababu walimsukuma. Ni udhaifu uleule wa miguu na kiuno, na unatibika kwa dakika za kucheza. Kwahiyo jina lake likianza kutajwa kwenye tetesi za tredi, kabla ya kuuliza tumlete nani badala yake, nitauliza Suns wamempa dakika ngapi, na kama jibu ni chache basi bora wamuuze mapema kwa timu isiyo na senta, kuliko kumkalisha benchi mpaka watu waanze kumwita Thabeet wa pili.