Mbawakawa wa gugu karoti: alizeti si swali pekee

Aliyewahi kung'oa gugu karoti (Parthenium), gugu vamizi la mashambani na malishoni, kwa mikono mitupu haulizi kwa nini watu wanatafuta mdudu wa kuwasaidia. Ngozi huwasha, mafua hayaishi, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Mche mmoja unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 15,000.

Mdudu mwenyewe ni Zygogramma, mbawakawa kutoka Mexico: milimita kama 6, mistari ya kahawia mgongoni. Yeye na mabuu yake hutafuna majani hadi gugu libaki vijiti.

India walimwachia Bangalore mwaka 1984. Miaka michache baadaye akakutwa kwenye alizeti, na hapo pakachimbika. Kamati ikaundwa, kazi ya kumsambaza ikasimama. Ukiyatazama mashamba ya alizeti ya Singida, Tanzania, hofu ile huwezi kuicheka: gugu karoti na alizeti ni ukoo mmoja. Ila wachunguzi waligundua kwamba majani ya alizeti yaliyoliwa yalikuwa yamedondokewa na chavua ya gugu karoti lililoota jirani. Mdudu alikuwa akifuata chakula chake alichokizoea. Maafa yaliyohofiwa hayakutokea, naye akaruhusiwa tena.

Watetezi wake hupenda kuishia hapo. Sawa, hali alizeti. Je, gugu analimaliza? Hapa ndipo ninapositasita. Kiangazi hujifukia udongoni akalala. Mvua ikinyesha, gugu huota upesi na linaweza kutoa maua ndani ya mwezi mmoja. Yeye ndiyo kwanza anatoka ardhini kutafuta mwenza. Anapofikia idadi ya kutisha, mbegu nyingi zimeshaanguka. Bangalore alishamiri, lakini kwingineko India matokeo yalikuwa ya kusuasua.

Hata hivyo, jembe na dawa navyo vina bei. Dawa hununuliwa kila msimu, na palizi mara nyingi huwaangukia akina mama. Mbawakawa akishatulia hadai mshahara. Tatizo ni kwamba hasikii amri pia: kutoka India alijivukia mwenyewe hadi Pakistan, na hakuna wa kumrudisha.

Ndiyo maana napenda walivyofanya Ethiopia. Hawakuazima majibu ya India. Walimfungia kwanza na kumjaribu kwenye mimea yao, ukiwamo nugi, zao lao la mafuta lenye undugu na gugu hilo. Baada ya hapo ndipo wakamwachia.

Mimi ningempa malisho na kando za barabara, mahali ambapo hakuna anayepalilia. Shamba la mahindi ningemwachia mwenye jembe, maana mahindi machanga hayawezi kumngoja mdudu azaane. Na huko malishoni, gugu likishapukutika majani, nyasi ziwe tayari zimepandwa, kwa sababu mbegu zake zilizo ardhini zinasubiri mvua ileile.